Kitabu Kisichopingwa Hakijasomwa

Mjukuu wangu ana miaka tisa. Mwezi uliopita nilimletea kitabu cha hadithi kilichotafsiriwa kutoka lugha ya mbali. Karatasi zake laini, picha zake za rangi, jalada gumu lisilokunjika. Akaketi nacho barazani, miguu juu ya mkeka. Alipofika ukurasa wa tatu akainua kichwa: "Bibi, usiku unabusiwaje?" Nikakichukua nikaangalia. Palikuwa pameandikwa kwamba mama "akambusu usiku mwema." Nikamweleza kama nilivyoweza. Akasoma kurasa mbili nyingine, akakifunga, akakiweka mezani kwa adabu kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kilichomshinda, akasema: "Watu wa humu hawaongei kama watu."

Maneno sita. Sijasikia uhakiki uliomfikia mwandishi kwenye mfupa kuliko huo mwaka huu mzima. Na nyuma ya kitabu kilekile palichapwa sifa za watu wazima watatu wenye vyeo, wakituambia ni hazina kwa watoto wetu. Watatu wale, ama hawakukisoma, ama walikisoma, wakauona usiku unaobusiwa, wakanyamaza. Yote mawili ni kosa moja, na kosa hilo ndilo ninaloliandikia leo: sisi watu wa Kiswahili tunasifu vitabu tusivyovisoma, na tulivyovisoma tunaogopa kuvisema.

Nenda kwenye uzinduzi wa kitabu, uwe Dar es Salaam, Nairobi au Unguja. Kitabu kimefungwa utepe. Mgeni rasmi anaukata, anakiinua juu ili kamera zipige, anatangaza kwamba kila nyumba inapaswa kuwa na nakala. Kisha zinakuja ahadi: huyu nakala ishirini, yule hamsini, na ukumbi unapiga makofi kwa kadiri ya idadi. Hasimami mtu kusema kwamba sura ya nne imemchosha, kwamba mhusika fulani amekufa bila sababu, kwamba hesabu ya ukurasa wa themanini haijumlishiki. Na atasimamaje, ikiwa utepe umekatwa dakika kumi zilizopita? Hakuna aliyekisoma. Tunakisomea kitabu wasifu wa marehemu siku yenyewe ya kuzaliwa, kisha tunakwenda kunywa soda.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Miaka yote tumeisoma methali hiyo kama lawama kwa mgema. Mimi namlaumu mnywaji. Yeye ndiye aliyeonja maji, ulimi wake ukamwambia ni maji, akafuta mdomo na kusema tamu. Mgema angejuaje? Mwandishi anayemwagiwa sifa kwa kitabu cha ovyo anadanganywa na watu wanaojiita rafiki zake, na kitabu chake cha pili kitakuwa cha ovyo zaidi, na hao hao watakisifu zaidi.

Ukilisema hili unajibiwa upesi: tusiwavunje moyo waandishi wetu, fasihi ya Kiswahili bado changa. Changa ipi? Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate, na mswada wake una mwaka 1728. Muyaka bin Haji alikuwa akirushiana beti na washairi wa upande wa pili kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, na beti zile zilikuwa na makali ya jambia. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Tanganyika mwaka 1923, wasomaji walilijaza mashairi ya kuulizana, kujibizana na kusahihishana, karani wa Tanga akimpinga mwalimu wa Tabora ambaye hajapata kumwona kwa macho. Lugha yetu imelelewa kwenye malumbano. Anayesema Mswahili hajui kukosoana hajapata kukaa barazani.

Na katika miaka ya 1970 tulikuwa na vita halisi. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kawaida, na wapenzi wa arudhi wakamjia juu. Yakaandikwa maneno mazito: kwamba haya si mashairi, kwamba ni nathari iliyokatwakatwa, kwamba ni mila za wageni. Wengine, akina Mulokozi na Kahigi, wakaingia kumtetea na wenyewe wakaandika. Ugomvi ukatoka vyuoni ukaingia magazetini, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu wakawa na upande. Nani alivunjika moyo? Kezilahabi aliendelea, akatupa Karibu Ndani mwaka 1988. Watunzi wa arudhi nao waliendelea kutunga. Ushairi wetu haukufa kwa kupingwa, ulipata damu. Kinachoua kitabu ni ukimya. Mwandishi anatoa kazi ya miaka mitano, inapita kama gari la usiku, hakuna hata mbwa aliyebweka.

Tulilipotezea wapi jicho hili la kukosoa? Nitasema, na ninaanza na nyumba yangu mwenyewe. Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka ishirini na sita. Wanafunzi wangu waliijua orodha kama wanavyojua sala: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo; halafu muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Karibu na stendi vilikuwa vinauzwa vijitabu vya tahakiki, na Kenya ndugu zetu wana miongozo yao. Ndani yake kuna kila kitu isipokuwa kitabu. Mtoto ananunua maoni yaliyokwisha kupikwa, anayakariri, anayatapika kwenye chumba cha mtihani, anafaulu. Amefaulu kuhakiki riwaya ambayo hakuifungua.

Mwaka mmoja nilikuwa nasahihisha majibu kuhusu Takadini, ile riwaya ya Ben Hanson ya mama aliyekimbia kijiji chake ili kumwokoa mwanawe mwenye ualbino. Insha arobaini zilikuwa na sentensi zinazofanana kama matofali ya tanuru moja. Ya arobaini na moja haikufanana. Binti mmoja aliandika kwamba kitabu kimemwacha na swali: je, Makwati alimpenda Sekai, au alipenda tu kupata mtoto? Akasema amelitafuta jibu mara mbili na hakuliona, na kwamba jambo hilo limemuudhi. Nilimpa sifuri. Mwongozo wa kusahihishia haukuwa na mahali pa swali, ulikuwa na mahali pa majibu tu. Katika darasa lile zima msomaji alikuwa mmoja, na mwalimu wake alimwadhibu kwa kusoma. Nimelibeba hilo tangu siku ile na sitalitua. Ninaliandika hapa ili mwalimu aliye na kalamu nyekundu mkononi leo alifikirie kabla hajaikandamiza.

Kuna jambo lingine ambalo sikuwahi kuwauliza wanafunzi wale. Hadithi ya Takadini iko Zimbabwe, na mwandishi wake aliiandika kwa Kiingereza. Tulisoma Kiswahili cha mtafsiri kutwa kucha, tukakijadili kana kwamba ni cha mwandishi, na hatukuuliza hata siku moja: Kiswahili hiki kimetoka kwa nani, na kimekaa sawa? Hapo ndipo usiku ulipoanza kubusiwa.

Maana tafsiri si jambo geni kwetu, na wala halikuwa jambo la kulipua. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wazee wengi ninaowafahamu walijifunza kupenda kusoma kwa kitabu hicho, na ukiwagusa bado watakusimulia. Sasa msikilizeni msomaji mkweli anavyopaswa kukisema. Kiswahili chake kinatembea vizuri. Mapango yake yanatisha. Na hadithi yenyewe ni ya Wazungu wanaoingia ndani ya bara letu kutafuta almasi, na Mwafrika yuko pale ili awaongoze, awabebee mizigo na awastaajabie. Vyote viwili ni kweli. Aliyekisifu bila kusema hilo la pili amekisoma kwa jicho moja, na anayekitupa bila kukiri hilo la kwanza naye ana jicho moja, lile lingine.

Mwaka 1940 ikaja Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na katika michoro yake Elisi alikuwa msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akaitafsiri upya hadithi ileile kama Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Miaka sabini na mitano kati ya binti mmoja na mwingine! Hayo ni maswali ya kuwakesha wasomaji: mtoto wa Kiswahili aingizwe kwenye shimo la sungura akiwa na sura yake, au aachwe akutane na mgeni? Mashairi ya kuchezea maneno, ambayo kwa Kiingereza yanachekesha kwa sauti, yachekeshwe vipi kwa sauti zetu? Kila mtafsiri ameamua. Nani katika sisi amewahi kusimama akasema uamuzi huu ulifaa na huu haukufaa?

Wanaonuna wakikosolewa tafsiri zao nawapeleka kwa Mwalimu Nyerere. Alikuwa na nchi ya kuongoza. Mwaka 1963 alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Angeweza kuiacha hivyo. Nani angethubutu kumwambia rais kwamba mstari wake umepinda? Yeye mwenyewe aliirudia, akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka tena, safari hii Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi, na neno "mabepari," miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, halikuangukia pale kwa bahati. Kuna wanaolisifu na kuna wanaosema limemvalisha mfanyabiashara wa Venisi shati la siasa yetu. Mimi nasema lina nguvu na lina upendeleo, na msomaji lazima ajue vyote. Ikiwa mkuu wa nchi alikubali kwamba kazi yake inaweza kuwa bora zaidi, wewe uliyetafsiri kitabu cha kurasa thelathini na mbili una kinga gani?

Siku hizi kuna programu inayotafsiri kitabu kizima kabla chai haijapoa. Basi vitabu vya watoto vitakuja kwa magunia, sentensi zake zimenyooka kisarufi na hazina mtu ndani. Kinga yetu ni sikio la mtoto. Mchapishaji, kabla hujapeleka kitabu kiwandani, kaa chini ya mwembe na watoto wa darasa la tatu, usome kwa sauti. Wakipiga miayo, weka alama. Wakiuliza neno, weka alama. Wakianza kufinyana, rudi ofisini. Mtoto hana mgeni rasmi wa kumwogopa. Anayemtafsiria mtoto bila kumsikiliza mtoto anamlisha mwana wa mwenzie chakula asichokionja.

Sasa niende kwenye rafu nyingine, ile inayouzika kuliko zote. Pita pembeni mwa barabara ya mji wowote wetu uangalie vilivyotandikwa juu ya turubai. Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki. Think and Grow Rich cha Napoleon Hill. The Richest Man in Babylon cha George Clason. Vingi ni nakala za kurudufu, wino umefifia, na sasa viko pia katika tafsiri na mihtasari ya Kiswahili inayorushwa kwenye simu. Waulize waliovisoma. Utapata jibu moja: "Kimebadilisha maisha yangu." Uliza kimebadilisha nini. Kimya. Bado amepanga chumba kimoja, bado anadaiwa dukani, ila amebadilika.

Hayo si maoni ya msomaji. Ni ushuhuda wa mtu anayeogopa kwamba akikikosoa kitabu cha utajiri, utajiri utamkimbia. Na vitabu hivi vimeandikwa kwa namna inayoilea hofu hiyo: ukifanikiwa, kitabu kimekufanikisha, ukianguka, hukuamini vya kutosha. Mganga wa kienyeji akitumia hoja hiyo tunamwita tapeli. Mwandishi akiitumia tunamwita mhamasishaji na kumlipa kiingilio ukumbini.

Kitabu cha biashara kinadai mambo ya kweli kuhusu fedha, kwa hiyo kiulizwe maswali ya kweli. Hill alitoa kitabu chake mwaka 1937 na kudai kwamba tajiri Andrew Carnegie ndiye aliyemtuma kuchunguza siri za matajiri. Carnegie alifariki mwaka 1919, na habari ya agizo hilo inasimama juu ya ulimi wa Hill mwenyewe. Msomaji mwenye akili timamu ana haki ya kusema: hapa sina ushahidi. Kitabu cha Clason, cha mwaka 1926, kilianza kama vijitabu vilivyogawiwa na mabenki na kampuni za bima. Ushauri wake wa kuweka kando sehemu moja ya kumi ya kipato ni mzuri. Mama wa kikundi cha akiba cha VICOBA na mwenye kibubu cha udongo walikuwa wanaujua. Lakini ni vizuri pia kujua ni nani aliyekugawia ushauri, na ukiweka akiba, inawekwa kwa nani.

Kisha kuna suala la nchi. Kitabu kilichoandikwa Marekani kinaposema deni linaweza kuwa zuri, kina picha ya mkopo wa nyumba wa miaka mingi, wenye riba inayojulikana na mahakama nyuma yake. Jirani yangu, muuza vitenge, alisoma kitabu kimoja cha aina hiyo, akaamini kwamba maskini huogopa deni na tajiri hulitumia. Akaenda kukopa mahali tunapopafahamu sote kwa jina la kausha damu: laki tano, arudishe laki sita na nusu ndani ya mwezi. Mwezi ulipokwisha wakaja kuchukua cherehani, kochi na friji, na watoto wakiangalia. Nilikwenda kukaa naye. Kitabu kilikuwa bado dirishani. Akaniambia: "Dada, mimi ndiye niliyekosea, kitabu hakina kosa." Hapana. Kitabu kilikuwa na kosa. Hakikumwambia kiliandikiwa wapi. Na wote waliomsifia, wanafunzi wa semina na wauza mihtasari, hakuna aliyemwambia: huku kwetu, ukurasa huu ni hatari.

Ndiyo maana nasema vitabu vya aina mbalimbali havipimwi kwa mizani moja wala kwa muda mmoja. Hadithi uipime usiku uleule: ilikuvuta au hukumaliza? Tafsiri uipime kwa sikio: soma kwa sauti mbele ya mtu asiyejua lugha ilikotoka, uangalie uso wake. Kitabu cha biashara usikiseme siku unapokifunga. Jembe halisifiwi dukani. Linasifiwa baada ya mavuno. Fanya kinavyosema kwa msimu mmoja, andika kwenye daftari ulichotoa na ulichopata, kisha njoo utuambie. Ukija na shilingi zako zimehesabiwa, hata zikiwa hasara, umetuandikia maoni yenye thamani kuliko sifa elfu moja za siku ya kwanza.

Kuna na maoni ya aina nyingine, yale ya hofu. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania iliondoa shuleni vitabu kadhaa vya watoto, ukiwemo mfululizo wa Jeff Kinney wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja ya maadili. Mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anasoma nini. Ninalotetea ni hilohilo, kuuliza na kusoma. Lakini wiki ile niliwasikia watu wakishangilia na watu wakilaani, na nilipowauliza walichokisoma, wa pande zote mbili walinitajia walichosikia kwa wenzao. Watoto waliokuwa wamevisoma, ambao wangeweza kutueleza walivicheka kwa nini na kipi kiliwakera, hakuna aliyewapa kiti. Na tunasahau upesi. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, kisha miaka ikapita ikawa kitabu cha kufundishia shuleni. Kitabu hakikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni kwamba hatimaye watu walikisoma.

Wasomi nao nisiwaache. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na mpelelezi wake Willy Gamba akaingia mifukoni mwa makarani, madereva na wanafunzi. Vitabu vile vilisomwa mpaka vikachanika mgongo. Miaka mingi vyuoni vilitajwa kwa jina la fasihi pendwa, na jina hilo lilitamkwa kama karipio. Tangu lini kupendwa ni aibu ya kitabu? Kazi ya msomi ilikuwa kueleza kwa nini dereva wa lori alikesha nacho, na ukishalieleza hilo una haki ya kumwonyesha kilichopungua. Kumdharau msomaji ni njia nyingine ya kutosoma.

Sitadai kwa wengine nisilolitenda. Basi haya maoni yangu, hadharani, juu ya vitabu ninavyovipenda.

Kusadikika cha Shaaban Robert, 1951. Ni ujasiri mkubwa kuandika vile chini ya mkoloni, na Kiswahili chake ni asali. Lakini ukishamwita mshitakiwa Karama na mshitaki wake Majivuno, umeshaniambia nani atashinda kabla mahakama haijakaa. Karama hakosei, hatetemeki, hana hata neno moja la kujutia. Namheshimu, simwamini. Mtu wa kweli angeogopa.

Siku Njema cha Ken Walibora, 1996. Kimewapa vijana wa Kenya na Tanzania Kiswahili cha kujivunia, na safari ya Kongowea kumtafuta babaye imenitoa machozi zaidi ya mara moja. Lakini bahati inakuja kumwokoa kijana yule mara nyingi mno. Ningependa aokolewe mara chache, ajiokoe zaidi.

Kufa na Kupona, hichohicho cha Musiba. Kinakimbia kama treni, na sijui kukiweka chini. Wanawake wake wamewekwa kama maua mezani. Nilikuwa msichana nilipokisoma, nikajitafuta ndani yake, nikajikuta chumba cha pembeni nikimsubiri Willy Gamba arudi.

Haya, nimesema. Mbingu hazijaanguka. Shaaban Robert bado ni Shaaban Robert, na ninyi mnaompenda mna ruhusa yote ya kunijibu kwamba sikumwelewa. Nijibuni! Nileteeni ukurasa, mnioneshe mstari nilioupita. Huo ndio ugomvi ninaoutaka: wa watu wawili waliosoma kitabu kimoja.

Kwa hiyo, mwandishi, siku ya uzinduzi wako wape watu watano kitabu mwezi mmoja kabla, na uwape kipaza sauti kabla ya mgeni rasmi. Mwalimu, kila wiki mpe mwanafunzi swali moja lisilo na jibu kwenye mwongozo: kitu gani kimekuudhi katika kitabu hiki, na kiko ukurasa wa ngapi? Mchapishaji, ukiandikiwa na msomaji, mjibu. Yeye ndiye aliyelipa karatasi. Na wewe msomaji, fundi cherehani, nesi, mkulima wa vitunguu, baba wa watoto wanne, acha kusubiri cheo ndipo uwe na maoni. Ulikinunua. Ulikisoma. Kiseme.

Mimi nilimwandikia yule mchapishaji wa hadithi ya watoto, nikayanakili maneno ya mjukuu wangu bila kupunguza. Nikajibiwa kwa mistari miwili: asante kwa maoni, kitabu kilikwisha kupitishwa. Nilipomsomea mtoto majibu hayo hakusema kitu. Alikwenda kuchukua penseli yake ya shule, akafungua ukurasa wa tatu, akakata mstari ule kwa rula, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake mkubwa: "Mama akamfunika shuka, akamwambia lala salama."

Kitabu kile kiko kabatini kwangu sasa, kati ya vingine vingi vyenye majalada mazuri na kurasa safi. Kina alama ya penseli na kona iliyokunjwa. Katika kabati lile lote, hicho ndicho ninachoweza kukiapia kwamba kimesomwa.